Gari Ambalo Babu Hakuligusa

Jumatatu, 3 Juni

Wosia umesomwa leo. Binamu yangu Marlee kapata Chevrolet nyekundu. Mimi nimepata kuku.

Si kuku peke yao. Nimepata na gari wanalolalia. Plymouth ya mwaka 1969, ya kijani, imo bandani kwa babu Harlan tangu bibi alipofariki, mimi nikiwa sijazaliwa. Matairi yamelala chini kabisa. Paani kinyesi cha kuku kina unene wa kidole. Chevrolet ya Marlee babu aliitengeneza upya kwa miaka minne, bodi, viti, rangi, kila kitu, mpaka unaweza kupaka wanja ukijitazama mlangoni kwake. Mjukuu mmoja kapewa kioo, mwingine banda la kuku. Sisemi kitu. Marehemu hasemwi.

Lakini roho imeniuma.

Nje ya ofisi ya mwanasheria Marlee kanikumbatia, kaniambia nina bahati. Bahati! Huku anazizungusha funguo zake kwenye kidole. Macho yalikuwa mekundu. Nadhani ni furaha ilimzidi.

Basi mpango ni huu. Nauza hilo gari, tunapata malipo ya mwanzo ya nyumba ya njano ya Bi. Ehrlich. Bi. Ehrlich anahamia kwa bintiye, kaahidi kutungoja mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo anaitangaza. Nyumba ina vyumba viwili na mti wa tufaha. Sasa hivi mimi, mume wangu Garrett na Opal wetu wa miezi minane tunaishi chini ya nyumba ya mama mkwe, chumba hakina dirisha, kitanda cha mtoto kiko katikati ya mashine ya kufulia na tangi la maji moto. Mashine ikianza kukamua nguo, sakafu inatetemeka, Opal anasafiri na kitanda chake. Leo kasafiri mpaka mlangoni.

Mwanangu atalala penye dirisha mwaka huu. Nimeapa.

Jumanne, 4 Juni

Nimeweka tangazo mtandaoni. Nimeandika: Gari zuri sana, kama jipya. Picha ilinisumbua. Kila nikipiga, kuku wanaingia. Mwisho nikatumia picha ya Chevrolet ya Marlee niliyoipiga Pasaka, nikaandika chini yake: Langu ni kama hili, ila la kijani.

Werevu, nilifikiri.

Saa sita mchana Marlee kapiga simu. Kauliza kwa nini watu wanane wamempigia wanataka gari lake. Kumbe wanaume wa wilaya nzima wanaijua ile Chevrolet na mwenyewe wanamjua. Watu wanane! Mimi hakunipigia hata mmoja. Tangazo langu, bando langu, anayepigiwa simu ni Marlee.

Garrett karudi kutoka kwenye ghala la ngano, kacheka mpaka kashika ukuta. Kasema, mama Opal, andika ukweli tu. Nikaandika kwa hasira: Halijaguswa tangu 1983. Lina vumbi. Lina kuku.

Saa haikupita. Simu kutoka Salina. Mzee mmoja, jina Vernon Stuckey, sauti inamtetemeka. Anauliza ni kweli halijaguswa. Nikasema, baba, hata kwa ufagio. Kesho anakuja.

Jumatano, 5 Juni

Huyu mzee si wa kawaida.

Kaja na shati safi la mikono mirefu, kisha na hilo shati kalala chali kwenye mavi ya kuku akaingia chini ya gari. Ana tochi na kisumaku alichokifunga kitambaa, anakipitisha kwenye bodi kama daktari. Dakika kumi hasemi. Nilidhani kafa. Nilikuwa nawaza tutamvutaje, kwa miguu au kwa mabega, alipotoka macho yamelowa.

Kafungua boneti, kanionyesha michoro ya chaki ya njano kwenye bati. Eti ni ya wafanyakazi wa kiwandani, waliikwaruza siku gari lilipotoka. Kaniambia katika maisha yake kaiona hivi mara mbili. Mimi nikaona uchafu wa mtu mwingine.

Nikamwambia aangalie na viti. Kakataa kuinua kiti cha nyuma. Kasema gari ambalo hajalinunua hawezi kulivua nguo. Jumamosi anarudi na trela, atatazama chini ya kile kiti nikiwa nimesimama pale pale, ndipo ataniambia bei, na bei itanifurahisha.

Halafu kaniomba nimuahidi. Nisilioshe. Nisilifagie. Nisitoe kitu ndani.

"Binti," kaniambia, "hata kuku usiwaamshe."

Nikaahidi. Lakini nimekaa naifikiria ile ahadi. Mama mkwe, Bi. Doreen, kasema mzee anayelilia vumbi ana lake jambo. Nami naona hivyo. Nani kasikia mnunuzi anayemsihi mwuzaji bidhaa ibaki chafu? Anataka Jumamosi aje aguse paa, akunje pua, aseme, oo, mama, kwa hali hii nitakupa kidogo tu.

Mimi si mjinga. Shule niliiacha, akili sikuiacha.

Alhamisi, 6 Juni

Leo jioni maonyesho ya magari, kama kila Alhamisi ya kiangazi, kwenye maegesho ya duka la vifaa vya ujenzi. Wanaume wamefungua maboneti, wamekaa nyuma ya magari yao kwenye viti vya kukunja kama watu wanaongoja kutahiniwa. Marlee naye kiti chake kile cha mistari, kitambaa cheupe mkononi. Hakuna vumbi lililotua likapona.

Mtoto mmoja kadondosha aiskrimu karibu na Chevrolet. Watu wazima sita wameruka. Opal wangu alidondoka kitandani Machi, hakuruka mtu.

Nilipika mikate ya nyama na kabichi, nikaipitisha ili wanizoee. Wakala. Hakuna aliyeniuliza gari langu. Kisha majaji wakamfunga Marlee utepe wa buluu wa mshindi, na yeye, mbele ya wote, kasema wasimpigie makofi yeye, gari la kutazamwa analo Lacey. Yaani mimi. Macho yote yakanigeukia. Nilitamani lami ipasuke.

Jaji mmoja kaniuliza taratibu kama kweli halijaguswa. Kwa aibu nikasema bado, lakini kesho nalisafisha. Wakatazamana. Mmoja kavua kofia kajikuna. Niliona wazi walivyonihurumia.

Na Marlee kanivuta pembeni kuniambia, shoga, nakuomba usilisafishe. Hapo ndipo nilipojua. Anaogopa! Linaweza kung'aa kuliko lake.

Ijumaa, 7 Juni

Siku kubwa. Mikono inaniuma mpaka kalamu naishika kwa vidole viwili.

Alfajiri nimewahamisha kuku. Opal nimemkalisha kwenye beseni na kijiko cha mti, karidhika, ananiimbia. Nimemwaga ndoo kumi na nne. Sabuni ya vyombo ile ya ndimu, chupa mbili. Kinyesi nimekitoa kwa mwiko wa kugeuzia mayai, ambao nimeshaurudisha jikoni kwa mama mkwe na sitautaja tena. Chini ya boneti nimetumia brashi ya waya. Ile chaki ya njano ilikuwa sugu. Mimi sugu zaidi.

Kisha kiti cha nyuma. Nimekivua nguo mimi! Chini yake, kwenye springi, kiota cha panya na karatasi moja kubwa ya manjano, imejaa tarakimu ndogo ndogo kama orodha ya dukani ya mtu mwenye wazimu. Kidogo niitupe. Lakini karatasi kuukuu inang'arisha kioo kuliko kitambaa, kila mtu anajua. Nimefutia vioo vyote sita. Vinang'aa!

Kwenye kisahani cha majivu nimepata vibanio vinne vya nywele. Nimeviosha, nimejibania. Kesho mnunuzi anione mtu.

Mlango wa dereva ulibaki na madoa ya kutu ambayo sabuni haikuyatoa. Nikakumbuka rafu ya babu. Rangi nyekundu, nusu kopo, ile ile aliyopakia Chevrolet ya Marlee.  Kwa nini wekundu uwe wa Marlee tu? Nimeipaka kwa rola la dari. Ilitosha mlango mmoja. Nzi wachache wamenasa lakini kwa mbali wanaonekana kama nakshi.

Garrett siku hizi haonekani, ngano imeanza kuvunwa, malori yanapanga foleni ghalani mpaka jioni. Kaja kanitafuta bandani. Katazama gari. Kakaa juu ya ndoo. Kauliza kama mzee Stuckey anajua. Nikamwambia, mume wangu, huo ndio uzuri wake, ni zawadi ya kumshtua.

Kamnyanyua Opal, kambusu utosini, kamwambia sikioni kitu ambacho sikukisikia.

Jumamosi, 8 Juni

Kashtuka.

Kaja saa tatu na trela. Marlee naye kaja, hakualikwa, kasema anataka kuliaga gari. Mimi nimesimama na gauni la harusi ya shangazi, vibanio kichwani, Opal kiunoni. Nikavuta mlango wa banda kama pazia.

Mzee Stuckey kaingia. Kazunguka mara moja, polepole, mkono mgongoni. Kafungua boneti, kalitazama lile bati. Kauliza chaki iko wapi. Nikamwambia kwa fahari, imetoka yote, nilitumia brashi ya waya. Kauliza chini ya kiti kulikuwa na kitu. Nikasema panya tu. Na karatasi.

Sauti ikamtoka ndogo sana. Karatasi gani?

Nikamwonyesha. Ilikuwa kwenye ndoo ya takataka, imebaki vipande, laini kama uji. Kaviokota kimoja kimoja, kaviweka kwenye kofia yake.

Basi nikaambiwa. Ile karatasi kiwanda ndicho kilichoiweka, miaka ile, na nyingi za aina hiyo zimeshaliwa na panya. Imeandikwa kila kitu gari lilichozaliwa nacho, injini ipi, gia zipi, kijani kipi. Ni cheti cha kuzaliwa. Hiyo ndiyo aliyokuwa anaitafuta. Pamoja na chaki, pamoja na rangi ambayo hakuna mkono ulioigusa.

"Kutengeneza upya unaweza kutengeneza mara mia, binti," kasema. "Kubaki hujaguswa ni mara moja."

Hakupaza sauti. Bora angepaza. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa kelele.

Halafu kasema, kwa kunionea huruma, anaweza kuchukua injini na gia akazitie kwenye gari jingine, bodi liende kwa wauza vyuma. Kataja bei. Haifiki hata kwenye ngazi za nyumba ya Bi. Ehrlich. Nikasema nitafikiri, kwa sababu nilitaka kulia na sikutaka Marlee anione. Nikageuka, Marlee kajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, mabega yanamtikisika. Kaingia kwenye Chevrolet kaondoka bila kuaga.

Kaenda kucheka, huyo. Mji mzima utajua kabla ya chakula cha jioni.

Nimekaa ndani ya gari na Opal. Zamani babu alikuwa ananikalisha hapa hapa Jumapili baada ya kanisa, mimi na yeye, haliwaki, haliendi, ananipa pipi ya mnanaa tunatazama ukuta wa banda kana kwamba ni barabara. Nilivuta pumzi nitafute harufu yake. Ndimu tupu.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani Marlee macho yamevimba. Vumbi la mavuno, nikafikiri. Sikukaa benchi lake.

Mchana kaja chini kwetu, kwenye chumba cha mashine. Hajawahi kuja. Katazama kitanda cha Opal, katazama tangi la maji moto, kakaa juu ya kapu la nguo chafu. Kisha kaniambia tubadilishane. Yeye achukue Plymouth, mimi nichukue Chevrolet.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza anacheka nini. Kasema hacheki, hajalala, kila akifumba macho anaona bodi la babu linasagwa.

"Wewe ulipata alilolipenda," kaniambia. "Mimi nilipata alilolitengeneza. Lile la kijani hakunikubalia hata kuliegemea, Lacey. Wewe alikuwa anakukalisha ndani. Nilikuwa nasimama nje ya banda nawatazama kwenye ufa wa ubao."

Nikamwambia tulikuwa tunatazama ukuta tu. Kasema anajua.

Kumbe gari lile babu alimposea bibi. Siku aliyofariki bibi, babu alilirudisha bandani na hakuthubutu kuondoa hata vumbi, maana lilikuwa vumbi la bibi. Kila mtu katika ukoo anajua, eti. Mimi nilikuwa nimejifungia na kijicho changu, sikuuliza. Kisha Marlee katazama nywele zangu, kauliza vile vibanio nimevitoa wapi.

Nimevitoa kichwani mbio kama vimeshika moto. Nimempa. Kaviweka kiganjani, kavihesabu, kanirudishia viwili.

Tumelia, sote wawili, mashine ikikamua. Opal kasafiri akatufikia miguuni.

Lakini nilipofuta machozi akili ikarudi. Chevrolet! Ile yenye utepe! Kwa gari lenye nzi mlangoni! Nikajifanya nafikiri. Nikatazama dari. Nikasema sawa, ila na kile kiti cha kukunja chenye mistari kije.

Kakubali. Angekubali na viti viwili. Nimekosea hapo.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika kwenye nyumba ya njano! Yetu, yetu na benki. Chevrolet haikukaa siku tatu, daktari wa meno kutoka Wichita kaichukua, kalipa bila kukunja pua. Bi. Ehrlich katuachia mapazia na sufuria moja. Opal ana chumba chake, chumba cha nyuma, dirisha linaona mti wa tufaha. Siku ya kwanza kalitazama lile dirisha mchana kutwa kana kwamba ni televisheni. Nimekaa naye sakafuni nikamwambia, unaona, mama alikuambia. Nimefurahi mpaka nikaogopa.

Ningebaki hivyo hivyo kama si Alhamisi.

Nilikwenda maonyesho na kiti changu cha mistari. Sina gari la kukaa nyuma yake, nikakikunjua karibu na pipa la taka. Saa kumi na mbili nasikia mngurumo. Meno yalitikisika. Ni Plymouth. Mzee Stuckey kamsaidia Marlee kuliwasha, kila Jumamosi anatoka Salina na vifaa vyake, hataki malipo. Hawajalipaka rangi. Hawajaligusa. Mlango wangu mwekundu uko vile vile, na nzi wake.

Na watu! Wameacha maboneti wazi wamekimbilia huko. Wanaume wanne wamelala chini yake kama mafundi wa bomba. Kila mmoja anauliza habari ya mlango, na mzee Stuckey anasimulia, mikono hewani, ndoo kumi na nne, brashi ya waya, karatasi, wanacheka mpaka wanafuta machozi, kisha wanaupapasa ule mlango kwa adabu. Jaji kasema magari yaliyotengenezwa kaona elfu, lakini hili lina mambo yake. Mambo gani? Mambo yote nimeyafanya mimi! Mlango nimepaka mimi! Anayepongezwa ni Marlee.

Marlee kaniita niingie nikae mbele, ubavuni kwake. Nikaingia. Harufu ya ndimu imeanza kuisha. Kanipa pipi ya mnanaa. Tukatazama ukuta wa duka. Nilikuwa karibu kusema asante, ilikuwa mdomoni kabisa, lakini mtu kaja dirishani kamuuliza Marlee kama anaweza kumpiga picha, mimi nisogee kidogo.

Leo asubuhi nimemwambia Garrett nataka tubadilishane tena. Kaweka kikombe chini. Kaniuliza tutampa nini Marlee, mama Opal, maana tumebaki na nyumba tu.

 Kaenda kazini, nami nimekaa na Opal kwenye chumba cha nyuma nikifikiri. Mtoto bado mdogo, analala kitandani kwetu nusu ya siku. Na Marlee kapanga kule juu ya duka la mikate, joto tupu. Nimekipima chumba kwa hatua, mara mbili. Kitanda cha mtu mzima kinaingia, na kabati dogo la Marlee, na mlango bado unafunguka.